Mawe Meupe ya Paradaiso

Kama kinyaa kingekuwa cheo, Nyakuoth angekuwa jenerali, na Juba ya miaka ile haikuwa na uhaba wa majenerali. Alikuwa na kikombe chake mwenyewe, kijiko chake mwenyewe, na kipande cha sabuni ndani ya mkoba, na hakuna aliyewahi kumwona akishika kitasa cha mlango kwa kiganja. Alikifungua kwa kiwiko. Ukimpa mkono aliupokea, maana adabu anayo, lakini ukigeuka tu unasikia kizibo cha chupa ya maji kikifunguliwa nyuma yako.

Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa upande wa Nasir, akabebwa mgongoni hadi kambi ya Kakuma akiwa na miaka mitano, na alipofika minane kipindupindu kilimchukua mama yake kwa siku mbili. Siku hizo mbili Nyakuoth alikuwa ndani ya hema pamoja naye, akiona na kunusa mambo ambayo hata mtu mzima angekimbia. Tangu hapo uchafu kwake haukuwa jambo la kukunjia pua. Ulikuwa muuaji aliyemjua kwa sura.

Shangazi yake akaja kumchukua, akampeleka Nyahururu, kwenye baridi ya Kenya, na huko akasoma. Shuleni kwao njia ya kwenda kwa mwalimu mkuu ilipangwa mawe pande zote mbili, na kila muhula ukifunguliwa wanafunzi waliyapaka chokaa upya. Nyakuoth aliipenda kazi ile kuliko hesabu. Na Jumapili, ibada ikiisha, shangazi alimpeleka kutazama maporomoko ya mto, akasimama pale hadi nguo zikalowa. Maji yanayoanguka, aliamini, hayawezi kushika uchafu.

Mwaka wa pili wa amani akarudi nyumbani kama walivyorudi wengi, na sanduku moja na cheti cha chuo cha hoteli. Nyumbani! Nyumba yenyewe ilikuwa chumba cha mabati chini ya Jebel Kujur, choo cha kuchangia na familia nne, na maji ya lori yaliyovutwa mtoni kwa pampu na kuuzwa yakiwa na rangi ile ile ya mto. Mitaro yote ilijaa chupa tupu, na juu ya chupa walilala mbuzi. Akapata kazi ya kusimamia usafi katika hoteli ya mahema kando ya mto, ambako watu walilipa hela ya hoteli ya Nairobi wakalala kwenye turubai. Miaka miwili alikusanya mashuka ya wakubwa na wageni wao. Hakuna alichokuwa hajakiona kwenye shuka, na kila alichokiona kilimpunguzia heshima kwa binadamu.

Hapo ndipo akaja Constantine. Naye alikuwa mtu wa Juba aliyelelewa Nairobi, mvaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, mwenye mpango mpya kila wiki. Safari hii mpango ulikuwa na miguu. Alikuwa amepatana na watu wa kijiji kimoja huko vilimani, mwendo wa saa tatu kutoka mjini: unavuka daraja, unaipita Sherikat, unaipita Nesitu, kisha unaiacha barabara ya Nimule na kushika mkono wa kushoto mpaka msitu uanze. Ndani ya msitu ule, miti imefungamana hadi jua halifiki chini, na mto unaruka kutoka kwenye mwamba mrefu kuliko mnara wa kanisa. Constantine alikuwa ameshauandikia ubao: Paradaiso.

Siku ya kwanza kufikishwa pale, Nyakuoth alilia. Hakulia kwa uzuri tu. Alizunguka bwawa lote la chini ya maporomoko asione mfuko hata mmoja wa nailoni.

"Tukipata kibali, hapa ni pako, Nyaku," Constantine akamwambia. "Utakuwa meneja. Nakujengea nyumba ya mawe, unahamia, unasahau Jebel na ile choo yenu. Si ni poa?"

Ilikuwa zaidi ya poa. Hakukuwa na jambo lingine duniani alilolitaka. Kilichobaki ni sahihi ya mkurugenzi mmoja wa serikali, mheshimiwa Chan, naye alisema hatii sahihi asichokiona kwa macho. Basi ikapangwa safari ya siku moja, mheshimiwa na maofisa wake sita, Nyakuoth akiwa mwongozaji. Alipewa majuma matatu ya kupaandaa mahali.

Akapaandaa kwa moyo wote, na kosa likaanzia hapo.

Jambo la kwanza lililomkera huko Paradaiso lilikuwa mlinzi wake. Mzee Loro alikuwa mtu wa kijiji cha jirani, aliyekuwepo pale kabla ya vita, wakati wa vita na baada ya vita, wenzake wakikimbilia Uganda na yeye akibaki. Alikuwa na tumbaku shavuni toka asubuhi hadi jioni. Alitema kushoto, akatema kulia, mate ya rangi ya kahawia yakaning'inia kwenye majani ya njia, na Nyakuoth kila alipoyaona alikusanya nguo zake yasimguse.

"Mzee, humu ndani hapatemwi mate," akamwambia siku ya pili. "Wewe ukae kule chini, kwenye kizuizi cha barabara. Humu usiingie mpaka nikuite."

"Mafi mushkila, ya bit," mzee akajibu, yaani hakuna shida, binti. Akachukua fimbo na mkeka wake, akateremka. Nyakuoth hakumwita tena.

Jambo la pili lilikuwa mawe. Njia ya kutoka barabarani hadi maporomokoni ilikuwa nyembamba, ya mtu mmoja mmoja, na kandokando yake mtu fulani alikuwa amepanga mawe ya ukubwa wa kichwa. Upande ulioelekea njia yalikuwa na chokaa iliyopauka. Upande wa nyuma yalikuwa mekundu, wekundu hafifu uliofifia kwa mvua, sawa kabisa na udongo wa kule. Nyakuoth aliinama, akayatazama, akasonya. Huo ndio uvivu wa watu wetu, alijisemea. Mtu anapaka mbele panapoonekana, nyuma anaacha tope.

Akaomba vibarua. Constantine akamletea vijana wanne wa Kiganda kutoka Sherikat, na brashi za waya na magunia mawili ya chokaa. Wakayang'oa mawe yote. Wakayasugua mpaka wekundu ukatoka, wakayapaka meupe mbele na nyuma, juu na chini, kisha wakayapanga upya, yakiachana hatua moja moja, njia ikiwa pana kidogo ili watu wawili waweze kutembea bega kwa bega. Na penye bwawa, palipokuwa na mawe mengi zaidi, waliyapanga mviringo mzuri kama kwa mwalimu mkuu. Nyakuoth alipomaliza alirudi nyuma, akaiangalia kazi yake, akahisi yuko Nyahururu.

Siku ya safari waliondoka Juba kabla jua halijatoka. Dereva alikuwa Waiswa, Mganda mpole aliyeliosha gari lake bila kuambiwa, na kwa ajili hiyo Nyakuoth alimpenda. Mheshimiwa Chan alikaa kiti cha mbele. Alikuwa mwanamume mnene, mwenye suti ya kaki na mfuko uliojaa mbegu za tikiti zilizokaangwa, zile ambazo Juba huitwa tasali. Alizitupia mdomoni kwa mkupuo, akazipasua, akatema maganda. Hakuyatema dirishani. Aliyatema mbele yake, kwenye zulia safi la Waiswa, na mengine yakamganda kidevuni, na alipotaka kusema na walio nyuma aligeuka akasema nayo hivyo hivyo.

Nesitu wakasimama kununua mayai ya kuchemsha. Mheshimiwa akala manne ndani ya gari, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Akateuka. Akatoa kadi yake ya kikazi mfukoni, akachokonoa meno kwa pembe yake, kisha akamnyooshea Nyakuoth kadi ile ile.

"Shika namba yangu, dada. Meneja lazima awe na namba ya mkubwa."

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nyakuoth akaipokea kwa ncha mbili za vidole, akasema asante mheshimiwa, na kwa mwendo wa nusu saa hakuigusa hata chupa yake ya maji kwa vidole vile. Alijisemea kwamba siku moja si mwaka. Akitia sahihi leo, hatamwona tena.

Kwenye kizuizi mzee Loro aliinua mti, akasimama pembeni kwa heshima, shavu limejaa. Hakutema. Alimeza, Nyakuoth akaona koo likipanda na kushuka, akageuza uso.

Wakaacha gari, wakaingia msituni kwa miguu. Hapo kazi ya Nyakuoth ikaanza, na alikuwa hodari, mtu asimnyime haki yake. Aliwaonyesha mti ambao mizizi yake imesimama juu kuliko mtu, akawasimamisha wasikilize ndege, akawaambia wazime simu wasikie maji kabla hawajayaona. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa na gunia, na kila mheshimiwa alipotema, Nyakuoth aliinama akayaokota maganda moja moja kwa karatasi.

"Dada, wewe ni mwongozaji au mfagiaji?" Chan akauliza, na maofisa wote wakacheka, maana akicheka mkubwa nani atanuna?

"Yote mawili, mheshimiwa."

"Haya mawe ni mazuri," akasema Chan, akilipiga moja teke kwa kiatu. "Kama Kenya vile."

Nyakuoth angeweza kumsamehe mayai yote kwa neno lile. Constantine, aliyekuwa nyuma, akamkonyeza.

Maporomoko yenyewe yalifanya kazi ambayo hakuna mwongozaji angeweza kuifanya. Walipotokea kwenye uwazi wakanyamaza, wote saba, na ukungu wa maji ukawaangukia nyusoni. Wakakaa hivyo kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Kisha ofisa mmoja akavua viatu akatia bwawani miguu yenye soksi za safari ya saa tatu, mwingine akatupa majini mfupa wa kuku, wa tatu akafungua bia na kizibo akakipeleka huko huko. Paradaiso ikaanza kugeuka Juba mbele ya macho yake, na Nyakuoth akaviokota vyote, akitabasamu hadi mashavu yakamuuma. Gunia likafika nusu.

Wakala. Nyama ya mbuzi, chapati, maini yaliyoiva nusu kwa sababu mheshimiwa aliyapenda hivyo. Chan alikula chake, akala na cha jirani yake, na baada ya robo saa uso wake ukaingia jasho. Akasimama ghafla, mkono kwenye mkanda.

"Choo kiko wapi?"

Choo hakikuwepo. Constantine alikuwa ameahidi kuchimba, akaishia kufunga kamba kwenye miti minne. Alikohoa, akaivua miwani yake akaifuta. Chan hakusubiri jibu. Akapiga hatua tano hadi pembe ya bwawa, nyuma ya mwamba mdogo, na akaanza kufungua mkanda pale pale, kando ya maji.

Nyakuoth alikuwa amevumilia mayai, kadi, soksi na mifupa. Hili hakuliweza. Aliona hema la Kakuma, akaona ndoo, akaona mkono wa mama yake.

"Hapana!" Sauti ilimtoka kwa nguvu hata maofisa wakageuka. "Mheshimiwa, si hapa! Haya maji watu wanayanywa huko chini. Vuka mawe, uende mbali. Mbali kabisa, tusikuone!"

Chan alimtazama kana kwamba hajawahi kuamriwa na mwanamke. Lakini tumbo halina cheo. Akayavuka mawe meupe, akaingia kwenye majani mapana, akitembea haraka kwa hatua fupi, na hata katika shida ile mkono ukaenda mfukoni, akatupia tasali mdomoni. Majani yakajifunga nyuma yake. Nyakuoth akashusha pumzi, akatoa sabuni yake, akanawa mikono kwa ajili ya mtu mwingine.

Wakati ule ule mzee Loro alitokea njiani akiwa na kreti ya soda kichwani. Waiswa alikuwa amekuja nyuma yake na kreti ya pili.

"Madamu, soda ilibaki kwa gari," Waiswa akasema. "Mimi nikaona iko mingi, nikaomba mzee anisaidie."

Nyakuoth alitaka kumkemea mzee kwa kuingia bila kuitwa. Lakini mzee alikuwa hasogei. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa uwazi, kreti kichwani, anatazama mawe. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama mviringo ule mzuri wa bwawani. Akaiteremsha kreti polepole, akachomoa kisu kidogo, akapiga goti na kulikwangua jiwe upande wa nyuma. Chokaa ikatoka kama ganda la yai. Chini yake, ndani ya vitobo vya jiwe ambavyo brashi haikufika, palikuwa na wekundu.

"Nani napaka hii?" akauliza.

"Mimi, mzee. Niliyasafisha."

"Nyekundu ilienda wapi?"

"Ule udongo? Tuliusugua."

"Hapana udongo, ya bit. Rangi." Mzee hakupandisha sauti. "Watu ya mabomu ndio naweka. Zamani hapa iko kambi ya askari, nazika mabomu huku, huku, huku. Wale watu nasafisha njia moja tu, ya mguu. Nyeupe nangalia njia. Nyekundu nangalia kifo. Sasa nyeupe yote, mguu itajua wapi?"

Yule ambaye vita vilimkuta kule alilijua jambo hili kama anavyojua jina la mama yake. Hata mbuzi wa kijiji hawakuvuka. Lakini waliolelewa Kenya walikuja wakaona mawe ya mwalimu mkuu, na aliyeweza kuwaambia wakamtuma barabarani kwa sababu ya mate.

Nyakuoth aliwageukia maofisa. Alihesabu watu. Sita. Mheshimiwa yuko ndani.

"Msiondoke mlipokaa!" akawaambia maofisa. "Hata hatua moja!" Kisha akapaza sauti msituni. "Mheshimiwa! Usisogee! Kuna mabomu ya ardhini, usisogee!"

"Niache nimalize!" sauti ya Chan ikajibu kutoka kwenye majani. Kisha, ikiwa nyembamba kabisa: "Umesema nini?"

Constantine alimshika Nyakuoth mkono. "Punguza sauti, Nyaku. Utaharibu form, mpango wote huu. Si ametembea mpaka huko na hajalipuka? Atarudi tu hivyo hivyo."

Nyakuoth akaung'oa mkono wake. Alikuwa ameona mashuka mengi ya wakubwa, lakini hakuwahi kuchukizwa na kitu kama alivyochukizwa na neno lile.

"Hivyo hivyo hajui," mzee Loro akasema. "Majani nafunga. Lazima mtu akanyage pale yeye alikanyaga, pale pale, akamtoe. Mimi ningeenda." Akajigusa macho, yaliyokuwa na ukungu mweupe. "Macho yangu naona mlima. Kitu ndogo haioni."

Nyakuoth aliinama penye jiwe alilolivuka mheshimiwa. Udongo ulikuwa umejaa majani makavu yasiyoshika alama ya kiatu. Hakuna kitu. Akainama zaidi, pua karibu iguse chini, na hapo akaliona: ganda la tasali, jeupe, limelowa mate. Mbele yake, mkono mmoja hivi, mengine mawili. Huku nyuma, kwenye uwazi, alikuwa ameokota kila kitu. Kule ambako yeye hakukanyaga, mheshimiwa aliiacha njia yake yote ameitema.

Akavua viatu, akapiga magoti, akaingia.

Alikwenda kwa mikono na magoti. Aliliona ganda, akaligusa kwa kidole apate hakika kwamba si chipukizi wala yai la mdudu, na lilikuwa na ute, na kidole kikateleza juu yake. Akaweka kiganja pale. Akatafuta lingine. Palipokosekana ganda alilala kifudifudi akavuta harufu, na pua ile iliyomtesa miaka yote ikamwambia hapa amepita mtu wa mayai. Nyuma yake mzee Loro alisema kila mara, "Polepole, bit tai, polepole," yaani binti yangu, na maji yakaendelea kuanguka. Kinyaa hakikumwacha hata kidogo. Kilikuwa naye kila hatua, na mara mbili alitapika, akatapika pembeni ya alama, akaendelea. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Alimkuta hatua thelathini ndani. Mheshimiwa Chan alikuwa amechuchumaa, suruali kwenye vifundo, na hofu ilikuwa imemmalizia kazi aliyokuwa hajaimaliza. Suti ya kaki haikuwa kaki tena. Harufu ilikuwa ya Kakuma hasa. Alinyoosha mkono, na mkono wenyewe haukuwa mkono wa kushikwa na mtu.

"Dada," akasema. "Dada, usiniache."

Nyakuoth akaushika. Kiganja kwa kiganja, akaufumbata.

"Pandisha suruali," akamwambia. "Unaona hapa nilipoweka goti? Unaweka mguu hapo. Sehemu nyingine usiweke."

Walitoka hivyo, mkono kwa mkono, wakitumia muda wa kupika wali. Walipolivuka jiwe, maofisa wakaangalia juu kwenye miti. Chan akaenda moja kwa moja bwawani, akaingia na nguo zake, akajiosha humo, na maji yakabadilika rangi mpaka kwenye mdomo wa mto. Hakuna aliyemkataza. Nyakuoth alikuwa amekaa chini, anatazama mikono yake.

"Mheshimiwa," akasema alipotoka, "ni mimi niliyeyapaka mawe. Ni mimi niliyekutuma kule."

Chan alikuwa amevaa ovaroli ya Waiswa, imembana kifuani. Hakumtazama. Alimtazama Constantine.

"Leo kumetokea nini hapa?" akauliza.

"Hakuna, mheshimiwa," Constantine akajibu haraka. "Tumekula, tumeona maji."

"Mimi sijaenda popote. Sijashikwa mkono na mtu. Nikisikia Juba hata mtu mmoja anacheka, nitajua wapi pa kuuliza." Akawazungushia maofisa macho, wote wakatikisa vichwa. "Leta hiyo karatasi yenu."

Akatia sahihi juu ya kreti ya soda, kwa kalamu ya Constantine, maji yakimdondoka kwenye nywele. Kibali kikapatikana. Mtu aliyenusurika dakika kumi zilizopita aliwafungulia wengine mlango waingie, ili tu suruali yake isisemwe. Na Constantine akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akaipuliza wino ukauke, akacheka.

"Nyaku, tumeshinda! Jumamosi naleta watu ishirini. Mwambie huyo mzee ayageuze mawe, apake nyekundu yake, yaishe."

"Nageuza vipi?" Loro akauliza. "Jiwe yote nahama."

"Atakumbuka," Constantine akamwambia Nyakuoth, kana kwamba mzee hayupo. Kisha akampa karatasi. "Shika wewe, meneja. Wewe ndiye mwenye mikono safi."

Nyakuoth aliipokea. Kidole gumba chake kikaacha alama ya kahawia pembeni ya sahihi.

Mzee Loro akatangulia, wakamfuata mmoja mmoja katikati kabisa ya njia, kila mtu akikanyaga alipokanyaga wa mbele yake, hadi barabarani. Nyakuoth alikuwa wa mwisho, na gunia lake begani. Wengine walipoingia garini yeye alibaki kwenye mlango wa msitu.

"Nipe dakika kumi, Waiswa," akasema.

"Madamu, hata saa moja mimi iko hapa," Waiswa akajibu, akazima injini, na Constantine alipopiga kelele akajifanya hasikii.

Yeye na mzee wakakokota matawi ya miiba, wakayalaza njiani. Mzee akasema miiba peke yake haitoshi, mtu atadhani ni ya mbuzi, atairuka. Zamani, kabla ya watu wa mabomu kufika na rangi zao, walitundika takataka: kopo, tambara, chochote kibaya kwa macho. Mtu wa kule akiona takataka zimening'inizwa njiani anageuka bila kuuliza.

Nyakuoth akafungua gunia, akalimwaga lote. Akachukua chupa za bia akazifunga shingo kwa majani, akazitundika. Akatundika mifuko ya nailoni, mfupa, soksi moja iliyosahauliwa, sahani za karatasi zenye mafuta ya maini. Alifanya kazi kwa mikono mitupu, bila sabuni, akirudi nyuma kutazama kama alivyotazama mawe yake, akiongeza palipopwaya. Akaivua fulana nyekundu ya kazi aliyokuwa ameivaa juu ya blauzi, akaichana vipande, akafunga kila hatua moja. Ilipokwisha, ule mlango wa msitu ulichukiza kuliko mtaro wowote wa Jebel.

Ikabaki karatasi. Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya mfuko wenye makombo ya mayai aliouokota garini asubuhi, akaufunga fundo, na akautundika katikati, juu, mahali ambapo Constantine angeuona na asingetaka kuushika.

Mzee Loro alikuwa amesimama kando yake, shavu limevimba kwa tumbaku aliyoizuia tangu asubuhi. Alimtazama kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa.

"Tema, mzee," Nyakuoth akamwambia. "Hapa si pangu tena."